Mbacha na Msala

Wahenga wetu wa pwani walisema: Usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliochakaa. Msala ni mkeka mzuri wa kuswalia. Maana ya methali hii hujulikana na kila mtoto aliyepita darasani: usikitupe kilicho chako, hata kikiwa kikuukuu, kwa tamaa ya kitu kizuri cha mpita njia. Ni methali yenye hekima kubwa, nasi tumeitumia mara nyingi katika mashairi yetu na katika vikao vya kazi. Siku moja tuliitumia vibaya, tukamwumiza nayo mtu asiyestahili kuumizwa. Insha hii ni maelezo ya kosa lile, na ya yale tuliyojifunza baada yake kuhusu kazi ya mchoraji achoraye picha zisizo na sura ya kitu chochote.

Yapata miaka kumi na miwili iliyopita, sisi tuandikao haya tulikuwa ofisa katika idara moja ya serikali mjini Tanga. Ukumbi wa mikutano ulikuwa umekarabatiwa, na kamati ndogo ikaundwa kuchagua picha za kuupamba. Tuliwekwa katika kamati hiyo kwa sababu tunatunga mashairi. Wakubwa wetu waliona kwamba mtu wa mashairi ni mtu wa sanaa, na mtu wa sanaa hana budi kuzijua sanaa zote. Dhana hiyo ilitupendeza, nasi tukaikubali bila ya kujiuliza.

Wachoraji walileta picha zao. Palikuwa na majahazi yaliyotandaza matanga, wanawake waliojitwika mitungi, mashamba ya katani yenye mistari iliyonyooka, na tembo waliosimama mbele ya Mlima Kilimanjaro. Mwisho akaingia kijana mmoja mwembamba, amebeba picha pana kuliko mikono yake. Ilikuwa imechorwa juu ya gunia la katani lililowambwa kwenye fremu ya mbao. Sehemu kubwa ya chini ilikuwa na rangi ya kijivu kama matope. Juu ya kijivu hicho ilipita mistari mifupimifupi ya rangi ya kutu, mingine imekatika, mingine imefifia kama hesabu iliyofutwa ubaoni. Huko juu kabisa ulikuwapo ukanda mwembamba wa samawati. Hapakuwa na mtu, wala mti, wala chombo.

Tulimwuliza, "Kijana, hii ni picha ya nini?"

Akajibu kwa adabu, "Mzee, si picha ya kitu. Ni picha."

Wajumbe wakacheka. Nasi, kwa kuwa tulitazamiwa kusema neno la kishairi, tukasema: Usiache mbachao kwa msala upitao. Tukaeleza kwamba michoro ya namna hiyo ni ya Ulaya, imekuja na itapita, na kwamba ukumbi wa wananchi wastahili picha zenye mambo ya wananchi. Maneno yetu yaliwapendeza wajumbe hata yakaandikwa katika kumbukumbu za mkutano. Kijana alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ahsante, mzee." Akaifunika picha yake kwa kanga kuukuu, akaifunga nyuma ya baiskeli, akaenda zake. Tukachagua picha ya jahazi.

Haikupita miezi mingi tukaenda Pangani kumjulia hali shangazi yetu, dada wa marehemu baba. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, lakini vidole havikupungua. Tulimkuta barazani anasuka ukili. Tukamwamkia, akaitikia, "Marahaba, baba. Wa huko hawajambo?" Tukaketi karibu naye juu ya mkeka wa zamani ambao twaukumbuka tangu utotoni.

Msomaji asiyekulia pwani huenda akadhani kwamba mkeka husukwa mzima. Sivyo. Makuti machanga ya mkindu hukatwa, yakaanikwa juani, yakachanwa kuwa chane nyembamba. Chane nyingine huachwa na weupe wake. Nyingine huchemshwa katika rangi. Zamani rangi hizo zilitoka katika miti yetu wenyewe: wekundu katika magome ya mikoko, weusi katika mizizi ya mdaa, na manjano katika bizari ya jina hilo. Chane husukwa kuwa ukili, nao ni utepe mrefu wa upana wa vidole vichache tu, mrefu hata ukakunjwa mafungu kwa mafungu. Ndipo ukili huo hushonwa, ukingo kwa ukingo, mpaka mkeka ukapatikana. Basi nakshi ya mkeka haionekani katika ukili. Msukaji huibeba kichwani kwa wiki nyingi, akihesabu chane ya rangi na chane nyeupe, mpaka siku ya kushona ndipo vipande hukutana. Akikosea hesabu leo, kosa litaonekana mwezi ujao.

Tulimtazama akisuka. Kisha, kwa mazoea tu, likatutoka swali lilelile. "Shangazi, nakshi hii ni ya nini?"

"Ya nini, vipi?"

"Tuseme, ni mfano wa kitu gani? Ni mawimbi? Ni maua?"

Shangazi akacheka kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. "Ni ya mkeka, baba."

Baada ya kitambo vidole vyake vikasimama. Akaupapasa ukili, akarudi nyuma, akaanza kufumua kazi ya asubuhi nzima. Alikuwa ameruka chane moja. Tukamwambia kwamba hakuna atakayeona. Akasema, "Nitaona mimi, kila nikiswali," akaendelea kufumua.

Hatukusema neno tena. Tulikuwa tumekaa juu ya mbacha, mbacha halisi si wa methali, na mbacha ule haukuwa na jahazi, wala tembo, wala mtungi. Ulikuwa na mistari na pembe na rangi zinazopokezana, navyo havikuwa mfano wa kitu. Tangu utotoni tumelala juu ya mchoro usio na sura, tumekula juu yake, na wazee wetu wamefunikwa kwa mikeka ya namna hiyo walipobebwa kwenda kuzikwa. Kisha tukasimama mbele ya watu na kusema kwamba mchoro wa namna hiyo si wetu!

Tuliporudi Tanga tukamtafuta yule kijana. Tukaelekezwa Ngamiani, katika chumba cha uani cha nyumba ya udongo na chokaa. Alitupokea kwa shikamoo, akatupa kigoda, akangoja. Tukamwomba radhi. Akasema yamepita. Tukamwomba ruhusa ya kuja Jumamosi moja moja kumtazama akifanya kazi. Akafikiri kidogo, akakubali kwa sharti kwamba tusiulize neno wakati ameshika brashi.

Hivyo ndivyo tulivyoijua karakana ya mchoraji. Kazi iliyompatia riziki ilikuwa kuandika majina ya maduka na ya vyombo vya baharini, aliyofundishwa na fundi mmoja wa mabango baada ya kumaliza kidato cha nne. Rangi zake zilikuwa masalio ya kazi hiyo: makopo ya rangi ya mafuta ipakwayo milango na mashua. Hilo lisimshangaze msomaji. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, ambaye kabla ya kwenda Dar es Salaam alipata kuwa kibarua katika mashamba ya katani ya Tanga, alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kuchora wanyama na ndege kwa rangi za makopo kama hizo juu ya mbao za dari. Alifariki mwaka 1972, na jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji. Sanaa ya Tingatinga ina sura za wanyama, na ya kijana wetu haina. Lakini wote wawili walianza na kile kilichokuwa karibu na mkono.

Kazi ilianza mbali na rangi. Maji yanapokupwa, kijana alikwenda ufukweni upande wa Raskazone, akaketi kutazama matope, mizizi ya mikoko, na njia ndogondogo zinazoachwa na maji yanayoondoka. Hakuchora mashua wala mvuvi. Alikuwa na penseli na karatasi za kalenda ya mwaka uliopita, na nyuma ya karatasi hizo aliandika mistari tu: huu mrefu, huu umekatika, hapa pana nafasi, hapa pamebanana. Tulipomwuliza njiani, alisema kwamba hachukui sura ya pwani. Achukua mwendo wake.

Chumbani aliwamba gunia kwenye fremu, akalipaka gundi ya unga wa muhogo ili matundu yazibe, kisha rangi nyeupe ya ukutani mara mbili, na kati ya mara ya kwanza na ya pili akasugua kwa msasa. Alitumia uzi wa waashi uliopakwa chokaa kugawa uwanja mafungu, akihesabu kwa sauti ya chini. Halafu akaenea uwanja wote kwa rangi moja nyepesi, akaacha. Siku hiyo hakufanya zaidi. Alifanya kazi asubuhi tu hadi saa nne, kwa sababu baada ya hapo jua liliangukia mabati ya jirani, mwanga wake ukaingia dirishani na kuzidanganya rangi.

Jumamosi iliyofuata akaweka tabaka la pili, la tatu, kwa brashi na kwa mwiko mdogo wa mwashi. Mara nyingine alikwangua alichopaka kabla hakijakauka, hata rangi ya chini ikachungulia. Rangi ile ya kutu, ambayo kamatini tuliiona kama uchafu, ilipatikana kwa njia hiyo: nyekundu ya mashua iliyofunikwa kwa kijivu, kisha ikafichuliwa kwa kukwanguliwa. Baada ya hapo aliigeuza picha ikaelekea ukutani, akakaa nayo siku tatu bila ya kuitazama. Alipoigeuza tena aliisimamisha juu chini. Tulidhani amekosea. Kumbe alikuwa akiyatoa macho yake katika mazoea, kama sisi tunavyolisoma shairi kwa sauti kesho yake ili kusikia panapokwaza.

Alitueleza baadaye kwamba anapoigeuza picha hutafuta kitu kinachopiga kelele kuliko vingine, nacho ndicho cha kwanza kuondolewa, hata kikiwa ndicho kizuri zaidi. Tulishuhudia akiondoa ukanda wa manjano uliotupendeza sana. Uliumiza moyo wetu, lakini juma lililofuata tuliona kwamba picha nzima ilikuwa imekaa kimya na kupumua. Tukamwuliza, "Utajuaje kwamba imekwisha?" Akajibu, "Hujui, mzee. Unaiacha. Kesho ikikuita unaendelea. Isipokuita, imekwisha."

Namna hii ya kufanya kazi kwa kuondoa haikuanzia Ngamiani. Piet Mondrian, mchoraji wa Uholanzi, tangu mwaka 1908 kwa miaka kadhaa aliurudia mti tena na tena. Katika kila picha alipunguza kitu, mpaka mti ukawa mtandao wa mistari na hatimaye haukutambulikana tena. Aliyeona picha ya mwisho peke yake huenda akasema kwamba mtu huyu hajui kuchora mti. Aliyeziona zote kwa mfuatano wake haoni tena kwamba palikosekana ujuzi.

Sisi watunzi wa mashairi ndio tuliokuwa na haki ndogo kuliko wote ya kushangaa. Shairi letu la kawaida lina mizani 16 katika kila mshororo, 8 katika kipande cha kwanza na 8 katika cha pili, na vina vikirudi mahali pake. Mizani hiyo ni mfano wa nini? Kina cha "-ma" kinachoitikiwa na "-ma" ni sura ya kitu gani? Si ya kitu. Ni hesabu na sauti, lakini ukiitoa, maneno yaliyobaki yatakuwa barua ya kawaida. Kadhalika Shaaban Robert, mwana wa Tanga aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, na aliyekuwa mtumishi wa serikali kama sisi, akianzia ukarani wa forodha huko Pangani, alitoa mwaka 1951 kitabu cha Kusadikika, habari za nchi inayoelea angani. Hatukumbuki kumsikia mwalimu akimlaumu kwa kuandika nchi isiyokuwapo katika ramani. Kwa neno tulikuwa wepesi wa kukubali. Kwa rangi tulikuwa wazito. Tofauti ilikuwa kwamba kusoma shairi tulifundishwa, na kutazama picha hatukufundishwa.

Tulidhani kosa la kamati yetu lilikuwa la kwetu peke yetu, mpaka tuliposoma habari za Ibrahim El-Salahi, mchoraji mkubwa wa Sudani. Alizaliwa Omdurman mwaka 1930, na baba yake alikuwa na chuo cha Kurani nyumbani, ambako mtoto alizoea mbao za kuandikia na nakshi zake. Mwaka 1954 alikwenda London kusoma katika shule ya sanaa ya Slade, shule hiyohiyo aliyosoma Sam Ntiro, mchoraji wetu wa Machame. Aliporudi nyumbani mwaka 1957 akafanya maonyesho mjini Khartoum ya picha alizozichora kwa ujuzi wa Ulaya. Watu walikuja siku ya ufunguzi, wakanywa soda, wakaondoka. Siku zilizofuata hakuja mtu.

Huyu hakuwalaumu watu wake. Aliacha kuchora kwa muda, akazunguka nchini akitazama vile ambavyo watu wenyewe walivipenda hata wakavitundika na kuvikalia: maandishi ya Kiarabu kutani, na nakshi za vyombo vya nyumbani. Kisha akazichukua herufi akazivunja. Alizipasua mikunjo na matumbo yake, na katika vipande hivyo zikamtokea sura mpya, baadhi kama wanyama, baadhi kama nyuso, baadhi zisizo na jina. Huo ukawa mwanzo wa sanaa iliyomjulisha duniani, hata mwaka 2013 jumba la Tate Modern la London likafanya maonyesho makubwa ya kazi zake za maisha yake yote.

Namna yake ya kufanya kazi yastahili kujulikana na vijana wetu. Mwaka 1975 alitiwa gerezani kwa miezi sita bila ya kuhukumiwa. Humo kuchora kulikatazwa, naye akachora kwa siri juu ya vikaratasi, akavifukia mchangani walinzi wasivione. Alipokwisha kutoka, mazoea ya kikaratasi kidogo hayakumtoka. Akawa anaanza na karatasi moja kama mbegu, akichora bila ya kujua picha nzima itakuwaje. Karatasi ikijaa, huongeza nyingine pembeni yake, na nyingine tena, mpaka picha ikajikamilisha yenyewe. Mchoro wake mashuhuri wa wino mweusi wa miaka ya 1984 na 1985 una vipande tisa. Tuliposoma hayo tulikumbuka ukili wa shangazi, utepe mwembamba ushonwao mpaka ukawa mkeka. Na mti alioupenda kuuchora katika uzee wake ni haraza, wa jamii ya migunga, ambao hupukutisha majani wakati wa mvua na kuwa kijani wakati wa kiangazi. Ameuchora mara nyingi kwa mistari iliyosimama na vipande vya rangi, na watazamaji wengine hawautambui kuwa ni mti.

Hapana budi tujibu hoja mbili ambazo tulizitoa wenyewe kamatini. Ya kwanza ni kwamba michoro isiyo na sura ni ya kigeni. Kwenda Tongoni, kilomita kama 17 kusini mwa mji wa Tanga, kunatosha kuijibu hoja hii. Huko kuna magofu ya msikiti wa kale na makaburi yapatayo 40, mengine ya nguzo. Wajenzi wake waligawa kuta za makaburi mafungu yenye kingo zilizopangwa kwa hesabu, wakapachika vyombo vya kauri vilivyotoka ng'ambo. Hawakuchora mtu wala mnyama. Dini yao na ladha yao viliwaelekeza katika kipimo na mpangilio. Vilevile milango iliyochongwa ya Pangani imejaa nakshi za namna hiyo. Wageni waliyaona hayo wakayaita mapambo, nasi tukafuata tukayaita mapambo, tukaliweka jina la sanaa kwa picha za tembo.

Na hata kama kitu kimetoka nje, je, ndiyo mwisho wa hoja? Katani yenyewe, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa sifa ya Tanga, haikuwa ya hapa. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kizazi cha babu zetu kiliikata kwa jasho na machozi, wakasokota kamba zake, na leo hakuna mtu wa Tanga aionaye katani kuwa mgeni. Gunia la kijana yule lilikuwa limetoka huko. Msala hugeuka mbacha kwa kukaliwa.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: je, mvivu hawezi kupaka rangi ovyo kisha akasema ni picha isiyo na sura? Aweza, na wapo. Lakini mvivu yupo pia katika mashairi, naye hujaza mizani kwa maneno matupu. Hatujafuta ushairi kwa ajili yake; tumejifunza kumtambua. Mjuzi wa mizani hulisikia guni mara moja. Shangazi yetu aliikuta chane moja iliyorukwa kwa kuipapasa tu. Anayetaka kuwatambua wachoraji wavivu hana njia ila kutazama picha nyingi, kwa muda mrefu, na ikiwezekana kuwatazama wenye kazi wakifanya kazi.

Jumamosi moja, baada ya miezi, tulipata ujasiri wa kumwuliza kijana habari za picha ile ya kamati. Tulikusudia kuinunua kwa fedha zetu. Akatuonyesha kwa kidole picha iliyosimama mbele yetu, ambayo tulikuwa tumemwona akiifanyia kazi tangu mwezi uliotangulia, yenye rangi za udongo na nyeusi.

"Ipo humo chini, mzee. Gunia ni ghali."

Hakusema kwa uchungu. Wachoraji wasio na fedha hufanya hivyo siku zote: picha isiyopata mtu hukwanguliwa, ikapakwa nyeupe, ikawa uwanja wa nyingine. Lakini sisi tulikaa kimya kwa muda mrefu. Tuliikumbuka samawati ile nyembamba ya juu, tukatafuta katika picha mpya kama imebaki alama yake, tusiione. Neno letu moja la kishairi, lililoandikwa katika kumbukumbu za mkutano na kusifiwa, lilikuwa limeizika. Picha mpya tuliinunua, nayo iko ukutani kwetu hadi leo. Kila mgeni huuliza ni picha ya nini, nasi hatukasiriki, kwa kuwa swali hilo tulilianza sisi. Kijana baadaye alihama Tanga kutafuta riziki, na tangu hapo hatujaonana naye.

Kwa walimu, kwa hiyo, tuna ombi dogo. Mkiwaongoza wanafunzi mbele ya picha, msianze na swali la kwamba ni picha ya nini. Waulizeni kwanza wameona nini: rangi gani iko juu ya rangi gani, mstari upi umekatika na upi umeendelea, jicho limeingilia wapi na limetokea wapi. Kisha walete mkeka darasani, ule wa nyumbani, uliochakaa, wahesabu chane zake na wajaribu kuichora nakshi yake katika daftari. Watakosea mara nyingi, nao wakikosea wataanza kuelewa akili iliyomo. Na palipo na msukaji kijijini, aalikwe kama aalikwavyo fundi mwingine yeyote, apewe kiti, asuke mbele yao, wala asiharakishwe.

Shangazi yetu alifariki kabla ya kuumaliza mkeka ule. Tulirithi mafungu matatu ya ukili yasiyoshonwa. Binti yetu ameanza kuyashona kwa kuelekezwa na jirani, naye amekwisha fumua mara mbili.